Bilali Aliyekwenda Kupiga Ndege

Bilali Feruzi wa Mkuyuni alikuwa mpiga picha wa ndani. Mpaka anafikisha miaka arobaini na sita, karibu kila picha aliyowahi kupiga aliipigia katika chumba kimoja chenye pazia lililochorwa ngazi za ghorofa na vyungu viwili vya maua, mteja ameketi kwenye kigoda kilekile, kidevu juu, mikono mapajani. Nje alitoka kwa ajili ya harusi na misiba, na hata huko alipenda kuwapanga watu ukutani. Ungemwambia habari za kumfuata kiumbe porini na kamera, angekuuliza kiumbe huyo atakaa kwenye kigoda gani.

Kazi hiyo ilikuwa na lugha yake, nayo ndiyo iliyomponza, kwa hiyo heri ielezwe mapema. Mafundi wa studio hawatamki "picha" kutwa nzima, wangechoka midomo. Wateja wenyewe huingia wakisema, "Fundi, nipige nusu," au, "Nipige nzima, leo nina kiatu kipya." Bilali naye husimama mlangoni na kuwauliza walioketi kwenye benchi, "Haya, nimpige nani?" Kuna siku askari mgeni, aliyehamishiwa Mwanza wiki hiyo, aliisikia sauti hiyo akiwa barabarani akaingia mbio kumwokoa anayepigwa. Mkuyuni ilicheka wiki nzima. Bilali hakuona cha kuchekesha. Kwake neno "kupiga" lilikuwa limekatika mkia zamani sana, na hata hakukumbuka kwamba liliwahi kuwa na mkia.

Kisha nchi ikafunguliwa, vitu vikaingia. Watu waliokuwa wakipanga foleni ya sukari na sabuni sasa walichagua rangi ya redio. Katikati ya mji, kijana aliyeitwa Iqbal, ambaye baba yake aliuza vitambaa maisha yake yote, aliondoa majora dukani akaweka mashine ya kusafisha picha za rangi. Unaacha mkanda saa nne, saa tano unachukua picha zako, zimekauka na zinang'aa. Kwa Bilali picha zilikuwa nyeusi na nyeupe na zilichukua siku tatu, Ijumaa haihesabiwi. Kufikia mwaka tisini na tatu wateja waliobaki kwake ni watu wa picha za pasipoti na wazee wachache walioamini kwamba rangi zile zinapunguza umri wa mtu. Ilifika siku benchi halikukaliwa tangu asubuhi mpaka alasiri.

Siku hiyo alifunga mlango akaenda kwa Iqbal kuomba kazi. Ilimuuma, maana alimzidi kijana yule kwa miaka kumi na sita, lakini alikwenda.

Iqbal hakumdharau. Alimpa kiti na chai. "Fundi Bilali, nafasi ni moja," alisema. "Natafuta mtu wa kupiga picha za nje, za kalenda na za matangazo. Vijana watatu wameshakuja. Nimewaambia kila mmoja aniletee picha moja nzuri ya huku kwetu. Wote watatu wameniletea lile jiwe la ziwani. Nimechoka na jiwe."

"Unataka nini?"

"Kasuku wadogo. Wale wa kijani wenye uso wa rangi ya chungwa. Baba aliwafuga kwenye tundu nyuma ya duka, wakafa mmoja baada ya mwingine. Nataka kuwaona nje ya tundu, wakila. Wakila chakula chao wenyewe, porini, hakuna aliyewawekea." Akafungua kabati, akamtolea kamera yenye lenzi ndefu kama mchi, na mkanda mmoja wa rangi wa picha thelathini na sita. "Niletee hiyo, nafasi ni yako."

Bilali alikunywa chai yote, akaitia kamera mkobani kwa mikono miwili.

Sokoni Mkuyuni aliwauliza wauza nafaka, maana hao ndio wanaojua ndege. Mama mmoja wa mtama alimwambia aende upande wa Kigongo, kabla hajafika ferini ashike njia ya kushoto, aulize kwa Dorotea. Watu wa vitabu huwaita ndege hao cherero. Yule mama aliwaita wezi.

Dorotea alikuwa mjane wa miaka sitini na kitu, mfupi, mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Mwanawe Ndalahwa alikuwa machimboni Geita akitafuta dhahabu, na tangu mvua za vuli alikuwa hajaonekana. Nyumbani walibaki Dorotea, mkwewe Kija na wajukuu watatu, na kati yao na njaa palikuwa na shamba moja la uwele lililoteremka mpaka karibu na ziwa. Uwele huo ulikomaa kabla ya mtama wa majirani, ndiyo maana ndege waliuanza wao. Tangu alfajiri Kija alikaa juu ya kichanja cha miti akiwawinga: anapiga debe, anarusha udongo kwa kombeo, anapiga kelele mpaka sauti inakauka. Walikuwa wamebakiza siku kumi hivi wavune.

Miaka miwili nyuma Dorotea alikwisha kumwona mtu wa mjini mwenye daftari. Mtu huyo aliandika majina ya wenye mashamba akasema serikali italeta ndege ya kupiga ndege, imwage dawa kutoka juu. Ndege ile haikuja. Baadaye wakaambiwa mambo yamebadilika, siku hizi kila mtu anajinunulia dawa yake dukani. Dorotea hakununua, maana bei yake ilizidi bei ya uwele wenyewe. Lakini aliendelea kusubiri, kimyakimya, kwa sababu jina lake liliandikwa.

Basi Bilali akatokea asubuhi moja ya mwezi wa tano, shati la kaki, mkoba begani, na miguu mitatu ya chuma ya kusimamishia kamera chini ya kwapa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu. Unatoka wapi?"

"Mwanza mjini. Nimekuja kupiga ndege."

Dorotea aliliweka chini debe alilokuwa amelishika. "Ndege hawa?"

"Hawahawa wa kijani. Nimeambiwa kwako ndiko waliko wengi."

"Umetumwa?"

"Nimetumwa," alisema Bilali, na hakusema uongo, maana Iqbal alimtuma.

Bibi alimzunguka. Aliitazama ile miguu mitatu, akaitazama lenzi iliyochungulia kwenye mkoba. "Na chombo ndicho hicho?"

"Ndicho hiki. Kinafika mbali. Nikikaa pale kwenye kichuguu nampata aliye kule mwisho wa shamba."

"Wote kwa pamoja?"

"Wakikusanyika, wote kwa pamoja. Ila wasishtuliwe, mama. Wakifukuzwa siwapati."

"Kwa hiyo tuache kuwinga."

"Siku mbili tatu tu. Waacheni wale, wazoee."

Dorotea alilitazama shamba lake muda mrefu. Halafu akaita kwa ile sauti yake, na Kija akateremka kichanjani.

Mchana ule bibi alikwenda kwa majirani kuwapa habari, akarudi nao sita, akiwamo Mayala, mwenye shamba la mtama lililopakana na lake. Mayala aliwahi kuwa mgambo na tangu hapo hakuna jambo asilolijua. Walizungumza Kisukuma mbele ya Bilali, na Bilali, mtoto wa mjini ambaye babu zake walitoka upande wa pili wa Ziwa Tanganyika, alijua salamu na "wabeja", yaani asante, basi. Katika mazungumzo yote alikamata maneno mawili, "serikali" na "Mwanza". Aliitikia kwa kichwa, kwa adabu, kila yalipopita. Mayala alifurahi sana kuona mtumishi wa serikali asiye na maneno mengi.

Walichokubaliana ni hiki. Kama chombo kinapiga wote kwa pamoja, hakuna maana ya kuacha wengine wamesambaa. Kila mmoja atawawinga ndege wa kwake kuelekea kwa Dorotea, wakusanyike huko, wapigwe huko. Dorotea aliuliza uwele wake utakuwaje. Mayala akasema siku hizi tatu shamba lake ni la wote.

Jioni hiyo walimletea mgeni kuku. Kwa kuwa alikuwa Mwislamu walimpa kisu achinje mwenyewe, akachinja, akala paja na ugali wa mawele, akawasifu watu wa shamba kwa ukarimu.

Kesho yake alianza kazi, na kazi ilimshinda. Ndege walikuja saa moja, makundi kwa makundi, wakipiga kelele kali nyembamba. Walitua juu ya masuke, mabua yakainama, na walipoteleza walijishika kwa mdomo kana kwamba ni mguu wa tatu. Walikuwa wazuri mno. Kifua cha manjano, uso wa chungwa, mdomo mwekundu kama pilipili, na kuzunguka jicho duara jeupe lililowafanya waonekane wameshangaa. Bilali alijificha nyuma ya mganda wa mabua, akalenga, na bila kujijua akasema kwa sauti ya studio, "Tulia hapo, kidevu juu." Shamba zima likaruka.

Mara ya pili alinyamaza, lakini kamera yenyewe ililia *kacha*, wakaruka tena. Aliazima kitenge kwa Kija akaifunga kamera mpaka ikabaki lenzi tu. Alijifunza kusubiri upepo uvume, mabua yasuguane, ndipo abonyeze. Kufikia saa tatu alikuwa ameharibu picha nane, na magoti yalimuuma, lakini alijisikia vizuri kuliko alivyojisikia kwa miaka kadhaa. Kwa miaka yote ishirini na miwili ya kazi yake, hakuna aliyewahi kumlipa ili akae kimya aangalie.

Alipokuwa akinywa maji uani, Kija alimjia na kuku wawili kwapani. Alikuwa mwanamke mpole, na aliuliza kama anayeogopa kusumbua.

"Samahani, shemeji. Hiyo dawa ukishaipiga, inakaa siku ngapi kwenye ardhi? Nataka kujua kama niwafungie kuku."

"Dawa gani?"

"Ya ndege."

Bilali alishusha kikombe. Kwanza hakuelewa, halafu akaelewa yote kwa mpigo: umetumwa, chombo, wote kwa pamoja. Alielewa kwa nini tangu asubuhi majirani walikuwa wakipiga madebe upande wao na ndege wakimiminika upande huu. Aligeuka akaliangalia shamba. Chini ya masuke makapi yalikuwa yakidondoka bila kukoma, na katika safu za mbele masuke mengine yalikuwa yamebaki vijiti.

Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Hapo ndipo alipotakiwa kusema, na maneno yalikuwa machache: dada, hapa kuna kosa, mimi ni mpiga picha. Lakini alijua yatakayofuata. Kija angepanda kichanjani, madebe yangelia, na yeye angerudi Mkuyuni kusimama mlangoni akiuliza nimpige nani, mbele ya benchi tupu. Na ndege walikuwa wameanza kuzoea.

"Kuku waache tu," alisema. "Hawatadhurika."

Hilo lilikuwa kweli, na akajishikilia kwenye hilo. Alijiambia atasema jioni. Jioni ilipofika Dorotea akamwekea mgongo wa kuku uliobaki na kumuuliza kama chombo kinakwenda vizuri, akajibu kinakwenda vizuri, akajiambia atasema kesho. Tusimpambe: alijua anachofanya, na alikula.

Siku ya tatu mwanga ulikuwa mzuri kuliko siku zote. Ziwa lilikuwa limetulia, jua likaja kwa ubavu, na shamba lilijaa kijani na chungwa mpaka mabua hayakuonekana. Ndege hawakujali tena mlio wa kamera. Bilali alipiga wanaomenya, wanaogombana, wanaoning'inia kichwa chini. Picha yake ya thelathini na tano ilikuwa ya wawili kwenye suke moja. Mmoja alikuwa ameshika punje mdomoni akimlisha mwenzake, na yule wa pili amefumba macho nusu. Alijua alipobonyeza kwamba hiyo ndiyo. Fundi hujua. Aliona kalenda, aliona jina lake chini kwa herufi ndogo, na alijisikia kulia kwa furaha, akiwa amechuchumaa kwenye makapi ya chakula cha watu.

Alipotoka mafichoni Dorotea alikuwa amesimama pembeni ya shamba akimsubiri.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, mama."

"Umewapiga?"

"Nimewapiga."

Dorotea aliwaangalia wakiruka kutoka suke hadi suke. "Mbona sioni aliyeanguka?"

Sasa hapakuwa na mahali pa kujificha. Bilali alimweleza. Alieleza vibaya, akianza mwisho na kurudi nyuma. Alieleza kalenda, akaeleza Iqbal, akaeleza kwamba mjini wao wakisema kupiga wana maana ya picha. Akasema hakukusudia. Akasema pia, kwa sauti ndogo, kwamba alikwisha kujua tangu jana.

Bibi hakupiga kelele. "Picha," alisema. "Za pasipoti? Hao wezi wanasafiri?"

Bilali aliangalia makapi miguuni pake.

"Nimekulisha kuku wangu."

"Ndiyo, mama."

Aliingia shambani, akavunja suke moja, akalipitisha kwenye kiganja. Punje nne zilibaki. Akavunja lingine kutoka safu ya nyuma, hilo likatoa punje tano. Alizitupa mdomoni zote, akatafuna, na alipokuwa akitafuna watu wakaonekana kwenye njia. Mayala ndiye aliyetangulia, na nyuma yake majirani wengine watano wenye vikapu. Walikuwa wanakuja kuokota ndege waliokufa.

Dorotea aliongea haraka, bila kugeuza kichwa. "Nisikilize, wewe mtu. Hawa ndio walioleta ndege wao kwangu. Wakijua nilidanganywa na mpiga picha, huo ni ujinga wangu mwenyewe. Watacheka mpaka nyumbani, na wajukuu wangu watakula mabua. Wakijua kwamba serikali imetuangusha, hapo tumeangushwa wote, na shamba hili lilikuwa la wote. Sema chombo kimeharibika."

"Mama, huo utakuwa uongo."

"Na siku tatu hizi ulikuwa unasema nini?"

Watu walifika. Mayala alitazama juu, akatazama chini, akakitikisa kikapu chake kitupu. "Vipi, bwana mkubwa? Hawa mbona wazima?"

"Chombo kimeharibika," alisema Bilali.

"Kimeharibika wapi?"

"Ndani."

"Fungua tuone. Mimi bunduki nimeishika, naijua. Kama ni risasi imekwama tutaitoa."

Majirani wakasogea. Bilali alikuwa ameishika kamera ikiwa bado imevaa kitenge cha Kija. Sharti la kwanza analofundishwa mtu wa kamera, kabla hajafundishwa kulenga, ni kwamba mgongo wa kamera haufunguliwi mpaka mkanda uwe umezungushwa na kurudi kwenye kopo lake, la sivyo mwanga unafuta kila picha iliyomo. Kuna kijiti kidogo upande wa kushoto, unakikunjua, unazungusha, na nusu dakika haifiki. Angeweza kugeuka pembeni akazungusha. Angeweza kusema kifaa kina siri ya serikali, Mayala angempigia saluti. Miaka mingi baadaye, alipoulizwa, alisema mkono ulisahau. Mkono uliofanya kazi hiyo kwa miaka ishirini na miwili hausahau.

Alifungua mgongo wa kamera hapohapo, juani, mbele yao. Mkanda ulionekana, wa kahawia, umelala juu ya meno madogo ya chuma. Akaushika kwa vidole viwili akauvuta wote mpaka mwisho, ukajikunja kwenye mkono wake ukiwaka kwa jua la saa nne.

"Umeungua," alisema. Ndivyo mafundi wanavyosema mkanda ukipata mwanga, na hapakuwa na uongo ndani yake.

Mayala aliushika, akaunusa, akamwonyesha mwenzake. "Umeungua kweli," alisema. "Hata harufu unatoa." Akaisonya serikali sonyo moja ndefu. "Serikali ni hiyohiyo. Inatuletea vyombo vibovu mpaka lini?"

Sasa hapakuwa na chombo cha kutazama ila shamba. Walilitazama. Mwanamke mmoja aliingia kati ya safu, akapitisha kiganja kwenye suke kama alivyofanya Dorotea, akarudi akikung'uta makapi. Dorotea mwenyewe alisimama kando, mikono kiunoni, hakuomba kitu wala hakulia. Alijua watu wake.

"Wangu wamo humu," Mayala alisema hatimaye. "Nimewaleta mwenyewe, kwa debe langu. Wako wamo," akamwonyesha mwenzake, "na wewe, wako wamo." Wakaongea kwa muda, safari hii kwa Kiswahili nusu, labda ili mtumishi asikie akaseme huko mjini. Mtama ukivunwa kila nyumba itatoa debe moja kwa Dorotea. Mayala hakusubiri mavuno. Alikwenda kwake akarudi na nusu gunia ya mawele ya mwaka jana mabegani, akaitua mlangoni pa bibi, akamwita Bilali amshikie mdomo wa gunia wakati anamimina ghalani. Bilali alishika. Vumbi la nafaka lilimwingia machoni, na ilikuwa nafuu, maana hakuna aliyehitaji kuuliza kwa nini yanatoka machozi.

Kwa Iqbal alirudisha kamera, akasema mkanda umeungua, akaomba radhi. Iqbal alimtazama kama mtu anayetazama daktari aliyesahau mahali ulipo moyo. Nafasi aliipata mmoja wa wale vijana watatu, na studio ya Mkuyuni iliendelea na picha za pasipoti kwa miaka mingine minne kabla Bilali hajaigeuza kuwa duka la vioo na fremu. Hayo yalikuja baadaye.

Siku ile, alasiri, Dorotea alimsindikiza mpaka kwenye njia ya magari yanayopanda kutoka ferini. Alikuwa bado amekasirika na hakuficha. Alitembea mbele, haraka, akimwacha Bilali akokote miguu yake mitatu ya chuma. Hakujua kilichotokea pale alipofungua kamera. Kwa alivyoona yeye, mtu aliambiwa aseme uongo akausema vizuri, akafungua kifaa chake akakifunga tena, na kifaa bado kilikuwa kizima mkobani. Bilali hakumweleza. Alikuwa ameeleza vya kutosha kwa siku moja.

Walipofika mahali njia inapopinda, shamba likaonekana lote chini yao, na Bilali akasimama. Ndege hawakuwa kwenye safu za nyuma, zile zilizobaki na punje kidogo. Walikuwa wakizunguka juu, wanataka kutua, wanaghairi. Katikati ya safu hizo Kija alikuwa amechomeka fito ndefu, na kwenye ncha yake kulikuwa na kitu kirefu chembamba kinachopepea na kumeta. Kila kilipometa, kundi liliruka upande.

"Ule mkanda wako uliobaki pale," alisema Dorotea. "Kija aliuokota. Tangu mchana hawajatua hata mmoja." Alimgeukia, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi sauti yake ilipungua ukali. "Nilisahau kukuuliza. Mkanda una kazi bado? Kama una kazi nimwambie akuteremshie, gari bado."

Bilali aliutazama mkanda ukigeuka kwenye upepo. Picha zote thelathini na tano zilikuwa mle.

"Hauna kazi, mama," alisema. "Uacheni hapohapo."